Anayefuta ukurasa wa jarida la kijiji aweke jina lake

Vijiji vya mwambao wa Ziwa Victoria vinaishi kwa kalenda ya mwezi. Siku za giza, mwezi usipoonekana usiku, wavuvi wa dagaa huondoka jioni na taa zao, na kijijini hubaki akina mama wanaoanika dagaa vichanjani, watoto na wazee. Mbalamwezi ikifika dagaa hawaifuati taa tena. Mitumbwi huvutwa mchangani, nyavu hushonwa, na kwa siku kadhaa wanaume wako nyumbani wakiwa na muda wa kusoma na wa kubishana. Kwa sababu hiyo walioanzisha jarida la kijiji kimoja cha upande wa Sengerema walikubaliana tangu mwanzo kwamba litoke kwenye mbalamwezi. Lina kurasa nne. Huandikwa kwenye kompyuta ya kuazima, hupigwa kopi steshenari mjini, hurudi kwa bodaboda, na nakala moja hubandikwa ukutani kwenye mashine ya kusaga kwa ajili ya wasio na mia mbili ya kununua ya kwao.

Toleo la mbalamwezi iliyopita lilikuja na ukurasa wa tatu mweupe. Kichwa cha habari kilikuwapo, kikiuliza saruji ya boma la zahanati imefikia wapi. Chini yake hapakuwa na neno hata moja.

Mtendaji wa kijiji alikuwa amesoma rasimu kabla ya kugonga muhuri, kama ilivyokuwa desturi, akasema habari hiyo iondolewe mpaka Halmashauri ya Kijiji ikutane. Wahariri, vijana wanne wakiongozwa na mwalimu mstaafu ambaye kijiji kizima humwita Mama Mwalimu, waliiondoa kama walivyoambiwa. Ila nafasi yake hawakuijaza. Siku ya pili yake ofisi ilichukua flashi yenye mafaili yote, ikatangaza kuwa kuanzia sasa jarida litaandaliwa ofisini na wahariri watasaidia tu. Kijiji kikagawanyika mpaka kwenye vichanja vya dagaa. Niliitwa kwenye kikao cha usuluhishi kwa kuwa nimezaliwa kijiji cha jirani na niliwahi kufanya kazi ya kuhariri Mwanza mjini. Tulikaa chini ya mwembe tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini, na muda wote huo tuliuliza swali moja: jarida hili ni la nani?

Naamini swali hilo lilitupoteza. Lakini kabla sijasema lipi lingefaa kuulizwa, majibu yaliyotolewa pale yanastahili kusikilizwa, kwa sababu hakuna hata moja lililokuwa la kipuuzi.

Ofisi ilisema jarida lina jina la kijiji na muhuri wa kijiji, kwa hiyo ni la ofisi ya kijiji. Likikosea, atakayeitwa wilayani kujieleza ni mtendaji, wala si Mama Mwalimu. Nilimwelewa. Mtendaji ni mwajiriwa, anaweza kuhamishwa kwa barua moja, na simu za kutoka juu anazipokea peke yake. Mtu aliye katika hali hiyo akisoma swali kuhusu saruji, kitu cha kwanza anachokiona ni hiyo simu. Tusimfanye shetani.

Hata hivyo, hoja yake inachanganya vitu viwili. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, kijiji ni wakazi wake wote waliofikia umri wa miaka 18 na kuendelea, wakikutana kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, na mkutano huo ndio wenye mamlaka ya juu. Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, inafanya kazi chini yake, na mtendaji ni katibu wa halmashauri hiyo. Kwa hiyo jarida likiitwa la kijiji, jina hilo halilipeleki ofisini. Linalipeleka kwenye mkutano ule wa watu wote.

Muhuri ndio ulionisumbua zaidi. Niliuliza ulifikaje kwenye jarida. Nikaambiwa wahariri wenyewe waliuomba, toleo la kwanza kabisa, kwa sababu watu wa mwambao wamezoea kuwa karatasi isiyo na muhuri haina uzito. Barua ya utambulisho ina muhuri, hati ya mauziano ya shamba ina muhuri, basi na jarida nalo liwe nao. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na lilizaliwa kwa nia njema. Muhuri maana yake ni kwamba ofisi inashuhudia yaliyoandikwa. Hakuna ofisi itakayokubali kushuhudia karatasi inayoihoji yenyewe, na wala si haki kuitaka ifanye hivyo. Mtendaji alipokataa kugonga muhuri juu ya swali la saruji alikuwa na haki ya kukataa. Hakuwa na haki ya kuzuia swali lisitoke bila muhuri. Tofauti ya mambo hayo mawili ni ndogo kuitamka na kubwa sana katika maisha ya kijiji, na kikao chetu hakikuigusa.

Mtu mmoja alileta suala la leseni. Ni kweli kwamba Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, iliyochukua nafasi ya Sheria ya Magazeti ya 1976, inataka magazeti yawe na leseni, na kwamba Idara ya Habari (MAELEZO) ndiyo inayoshughulika nayo. Kama jarida linaangukia huko, waende wakaombe, na ofisi iwasaidie kuandika barua. Lakini leseni haisemi nani afute ukurasa wa tatu, na nilisikitika kuona inatumika kama fimbo mara tu hoja nyingine zilipoishiwa nguvu. Jarida lilikwishatoka mara kadhaa na kusifiwa hadharani na ofisi hiyo hiyo bila mtu kuulizia leseni.

Kulikuwa pia na tajiri wa mitumbwi ambaye hutoa rimu za karatasi. Hakusema mengi, waliosema ni watu wake. Anayelipia ndiye mwenye neno. Kwenye mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, fikra hiyo ina mizizi, kwa sababu mwenye mtumbwi, injini na nyavu ndiye mwenye fungu kubwa baada ya gharama kutolewa. Lakini wavuvi waliokuwapo walijua nusu ya pili ya desturi hiyo, na nilishangaa kwamba hakuna aliyeitaja. Mtumbwi ukishaondoka ufukweni, mwenye neno ni nahodha. Tajiri mwenye akili hampigii nahodha simu usiku wa manane kumwambia ageukie kisiwa gani. Anangoja asubuhi, mzigo unapimwa, na kama nahodha amemharibia anatafuta mwingine. Mchango wa karatasi unampa tajiri haki ya kujua karatasi zimetumikaje, na haki ya kuacha kuchangia. Haumpi haki ya kushika usukani wa jarida wakati liko majini.

Nchi hii imewahi kuona njia zote mbili za kulipia karatasi. Gazeti la Mambo Leo lilianza mwaka 1923 likiwa la serikali ya kikoloni, na pamoja na mashairi na barua nzuri za wasomaji wake, mhariri alijua mwajiri wake ni nani. Kwetu la Erica Fiah, lililoanza mwaka 1937, lilikuwa la Mwafrika mwenyewe, na kwa hiyo liliweza kusema yale ambayo lile jingine lisingeyasema. Yote mawili yalikuwa ya Dar es Salaam, mbali na mwalo wowote. Nayataja kwa sababu tu vijana wa jarida waliniambia hawakuwahi kusikia kwamba ugomvi wao una umri wa karibu miaka 100.

Nilikwenda kikaoni nikiwaunga mkono wahariri. Bado nawaunga mkono, lakini jibu lao lilinipa shida kuliko ya wengine wote. Walisema sisi ndio tunaoandika, sisi ndio tunaokesha, jarida ni letu. Ndipo Mama Mwalimu, kwa uaminifu ambao sitausahau, akasimulia jambo lililowapata miezi ya nyuma.

Barua ililetwa usiku, haina jina. Ilizungumzia watoto wawili waliougua ghafla, kisha ikamgusia bibi mmoja bila kumtaja: nyumba yake ilipo, mti ulio mbele yake, na rangi ya macho yake. Mmoja wa vijana alitaka itoke, kwa hoja kwamba haimtaji mtu, na kwamba watu kijijini tayari wanasema. Mama Mwalimu aliikataa, akaichana mbele yao.

Asiyetoka huku anaweza kudhani ni jambo dogo. Usukumani na mikoa mingi ya Kanda ya Ziwa, bibi vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya maneno ya aina hiyo. Macho mekundu ambayo watu huyaita alama ya uchawi ni macho yaliyopikia maisha yote kwenye moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni mwaka 1928, inamfanya kuwa mkosaji mtu anayemnyooshea mwenzake kidole kwamba ni mchawi. Kwa Kiswahili tunao msemo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni msemo mzuri kwa mambo mengi. Kwa mhariri wa jarida la kijiji ni sumu, kwa sababu hapo lisilokuwapo linaletwa na karatasi yenyewe. Nakala moja ukutani mwa mashine ya kusaga ingetosha.

Kwa hiyo wale waliosema kikaoni kwamba jarida huru ni jarida lisilofutwa kitu hawajaishi kijijini, au wameishi wakiwa wamefumba macho. Lazima awepo mtu wa kufuta. Mjini habari mbaya humfikia mtu asiyekujua. Kijijini inamfikia mkweo, mteja wako wa dagaa na mtoto wako darasani, siku hiyo hiyo. Wahariri hawa hawa waliwahi kuandika kwamba mtunza hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa amekula fedha za wenzake. Hawakumuuliza. Fedha zilikuwa kwenye kasha, na kasha lilikuwa limehamishiwa nyumba nyingine kwa makubaliano ya wanakikundi. Masahihisho yalitoka kwenye toleo lililofuata, mistari mitatu chini kabisa ya ukurasa wa nne. Mama huyo alikuja kikaoni na hakusema neno. Alikaa tu, na kila mhariri alijua kwa nini amekuja.

Hapo ndipo nilipoona kwamba kuuliza jarida ni la nani hakutatufikisha popote. Ukisema ni la ofisi, swali la saruji linafutwa. Ukisema ni la wahariri, yule mama wa hazina hana pa kwenda. Kila utakayemkabidhi kalamu atapata siku moja sababu ya kuitumia kujikinga mwenyewe au kuwaumiza wengine. Lililotakiwa kuulizwa ni jepesi zaidi, na kwa maoni yangu ni kali zaidi: kitu kikiondolewa kwenye jarida, nani amekiondoa, kwa sababu gani, na sisi wengine tutajuaje?

Angalieni tena ule ukurasa mweupe. Ofisi iliuita uasi. Baadhi ya wazee waliuita utovu wa adabu. Mimi naona ulikuwa ukurasa mkweli kuliko yote iliyowahi kutoka. Nilipouliza, wahariri walikiri kwamba kabla ya hapo habari kadhaa zilikwishaondolewa kwa ombi la ofisi na nafasi zake kujazwa na mapishi, salamu au picha ya mgeni aliyekuja kukagua barabara. Msomaji hakujua kitu. Hapakuwa na ugomvi kwa sababu hapakuwa na alama. Siku alama ilipoonekana ndipo tukasema amani imevunjika, hali kilichovunjika ni ukimya tu.

Kuna na njia nyingine ya kufuta ambayo haiachi hata ukurasa mweupe, nayo ni kuchelewesha. Toleo moja lilikaa mezani ofisini siku tisa likingoja kusomwa. Lilipotoka giza lilikuwa limeingia, wavuvi wako ziwani na kwenye makambi ya visiwani, na waliporudi karatasi zilikwishafungia dagaa. Hakuna neno lililoondolewa. Waliondolewa wasomaji. Na habari iliyokuwa na uzito kwenye toleo hilo ilihusu ushuru wa mwalo, yaani iliwahusu hao hao waliokuwa majini. Sitasema ilikusudiwa. Nasema kanuni yoyote ya kusimamia jarida isiyotaja siku, na ikataja idhini peke yake, itakuwa na tundu la ukubwa wa mtumbwi.

Mwambao huu una historia yake ya kudai kuona kinachofanyika mezani kwa mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukumani walilalamika kwamba mizani ya wanunuzi inawaibia. Wangeweza kutumia miaka kumi kubishana mizani ni ya nani. Ilikuwa ya mnunuzi, hilo halikuwa na ubishi. Walichofanya ni kuweka watu wao wa kupima pamba kabla haijafika kwa mnunuzi, ili mkulima afike akiwa na namba yake mkononi. Kutoka kwenye jambo hilo dogo, na mizunguko ya kiongozi wa wakulima hao, Paul Bomani, kijiji kwa kijiji, kilikua kile kilichokuja kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria mwaka 1955. Nguvu ya wale wakulima haikuanza kwa kumiliki mizani. Ilianza pale namba mbili zilipoweza kuwekwa kando kwa kando.

Hadithi hiyo ina upande wa pili, na vijana wa jarida wausome vilevile. Ushirika ulipokuwa mkubwa, wenyewe ukaanza kukwepa kupimwa. Malalamiko yakawa mengi kiasi kwamba mwaka 1966 serikali iliunda kamati ya kuuchunguza, na miaka kumi baadaye, 1976, vyama vikuu vya ushirika vikafutwa nchi nzima. Kuvifuta lilikuwa kosa, na serikali yenyewe ilivirudisha kwa sheria ya mwaka 1982. Lakini waliovifuta walipata pa kushikia kwa sababu viongozi wa ushirika walikuwa wamesahau kwamba mizani ni ya kumpima kila mtu. Jarida linaloihoji ofisi kuhusu saruji huku likificha kosa lake mistari mitatu chini ya ukurasa wa nne linampa adui yake fimbo mkononi.

Basi, napendekeza nini? Daftari. Daftari la kawaida la mistari, la dukani, lenye jina la daftari la yaliyoondolewa. Kila habari, barua au picha iliyoletwa kwenye jarida ikakataliwa au kukatwa, iandikwe humo: ilihusu nini, nani ameiondoa, tarehe, na sababu kwa sentensi moja. Aliyeiondoa aweke sahihi. Mtendaji akitaka kitu kiondolewe, aandike yeye, kwa mkono wake. Mhariri akikataa barua ya mvuvi, naye aandike. Daftari lisikae ofisini wala nyumbani kwa mhariri; likae pale kwenye mashine ya kusaga au shuleni, mahali ambapo mtu anaweza kulifungua bila kuomba ruhusa kwa aliyetajwa ndani yake. Na kila Mkutano Mkuu wa Kijiji unapokutana kupokea taarifa ya mapato na matumizi ya miezi mitatu, lisomwe kwa sauti.

Niliposema hivi kikaoni, mzee mmoja aliuliza swali la maana: barua ya uchawi nayo isomwe mbele ya watu? Hapana. Iandikwe kwamba barua isiyo na jina yenye tuhuma za uchawi imekataliwa kwa kuwa ni kosa kisheria, basi. Jina la bibi lisiingie, mti wake usiingie. Daftari linaonyesha kitendo cha kufuta na mkono uliofuta. Lililofutwa si lazima lionekane lote. Tofauti hiyo ikikaa vizuri, anayefuta kwa kulinda uhai wa mtu hana cha kuogopa, na anayefuta kwa kujilinda mwenyewe atakaa na kalamu hewani muda mrefu akitafuta sababu ya kuandika.

Sioni kama hili ni zito kwa kijiji. Vikundi vya akina mama vinavyoweka na kukopa vina kasha lenye makufuli matatu, funguo kwa watu watatu, na hakuna anayetukanwa kwa kutopewa funguo zote. Mtunza hazina anayeaminika kuliko wote ndiye anayekuwa wa kwanza kudai kufuli la tatu. Wahariri wachaguliwe na Mkutano Mkuu, kwa muda unaojulikana. Anayetajwa kwa ubaya aulizwe kabla, na jibu lake litoke ukurasa ule ule, si mwezi unaofuata. Habari inayomhusu mtu, mtu huyo asiwe na kauli ya mwisho juu yake, awe mtendaji, tajiri au shemeji wa mhariri. Rasimu ikipelekwa ofisini kwa kusahihisha takwimu, ikae siku mbili, kisha mbalamwezi haimsubiri mtu.

Muhuri uondoke. Mahali pake yaandikwe majina ya wahariri, yote matano.

Lipo jambo moja ambalo sikulipatia jibu kamili. Walio wengi wanaweza kukosea. Mkutano Mkuu ukikaa siku ambayo mtoto amefariki, unaweza kutaka yule bibi atajwe, kwa kura, kwa mikono juu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mkutano uchague wahariri na kanuni, uwaondoe wahariri ukiona wameshindwa, lakini usihariri ukurasa. Najua mstari huo ni mwembamba, na kwamba mkutano wenye hasira unaweza kuuvuka. Hapo ndipo inapohitajika mtu wa aina ya Mama Mwalimu, na sheria ya nchi nyuma yake, na kanuni peke yake haimtengenezi mtu wa namna hiyo.

Kwa nini nahangaika hivi kwa ajili ya karatasi mbili za kopi? Mwaka 1967 Watanzania wengi waliokuwa watu wazima hawakujua kusoma. Mikoa ya ziwa ndiyo iliyochaguliwa kwa mradi wa majaribio wa UNESCO wa elimu ya watu wazima, mwaka 1968 hadi 1972, na kituo chake kilikuwa Mwanza. Kufikia 1986 wasiojua kusoma nchini walihesabiwa kuwa chini ya asilimia 10. Katika miaka ile ya 1970 kanda hii ikapata gazeti lake la vijijini, Elimu Haina Mwisho, lililoandikwa ili wale waliotoka kwenye madarasa ya jioni wasisahau herufi. Wazazi wa Mama Mwalimu walijifunza kusoma hivyo. Gazeti lile liliandikwa na maofisa kwa ajili ya wanakijiji: namna ya kupanda pamba, namna ya kuchemsha maji. Lilifanya kazi kubwa. Jarida la leo ni hatua inayofuata, mwanakijiji mwenyewe akiandika, na swali lake la kwanza zito limekuwa la saruji aliyoichangia kwa fedha na mchanga aliosomba kichwani. Likizimwa, maswali hayatakufa. Yatahamia kwenye sauti za WhatsApp zisizo na jina, ambako hakuna wa kuichana barua ya usiku.

Na habari yenyewe iliyofutwa haikuwa siri ya mtu. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu masuala muhimu kwa jamii. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu mwananchi kuandika barua kwa mamlaka ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Mwanakijiji mmoja akiandika kesho kuuliza mifuko mingapi ya saruji ilinunuliwa, mingapi imetumika na mingapi iko stoo, ofisi itapaswa kumjibu. Ikijibu, jibu hilo linaweza kuwa jema kabisa. Huenda mifuko ipo yote. Mtendaji angeandika namba hizo tatu chini ya kile kichwa cha habari, ukurasa usingekuwa mweupe na mimi nisingeitwa.

Kikao kiliisha bila uamuzi. Flashi bado iko ofisini. Nakala ya habari ya saruji, iliyoandikwa kwa mkono kabla ya kupelekwa kwenye kompyuta, iko ndani ya bahasha ya kaki nyumbani kwa Mama Mwalimu. Mkutano Mkuu umeitishwa kwa mbalamwezi ijayo, wavuvi watakapokuwa wamerudi. Nimenunua daftari na kulituma kwa bodaboda. Mstari wa kwanza niliuacha wazi, kwa ajili ya habari ya saruji, na pembeni yake nafasi ya sahihi ya aliyeiondoa.